Kiyoyozi cha bei nafuu hujulikana kwenye LUKU, si dukani

Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa huwasukuma watu wengi kuulizia viyoyozi madukani. Wapo wanaovitaka kwa ajili ya chumba cha kulala, lakini wapo pia wafanyabiashara wadogo: mwenye duka la dawa ambaye maboksi yake yameandikwa yasikae katika joto linalozidi nyuzi 25 au 30, mwenye saluni anayekimbiwa na wateja saa nane mchana, na mwenye nyumba ya kulala wageni ambaye chumba chenye kiyoyozi humlipa zaidi ya chumba chenye pangaboi.

Swali lao la kwanza dukani huwa moja: kipi cha bei rahisi? Muuzaji naye hujibu kwa kunyoosha kidole kwenye bei iliyobandikwa. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Kiyoyozi hununuliwa mara moja, lakini hulipiwa kila mwezi kwa miaka mingi kupitia umeme, fundi na gesi. Mfanyabiashara mwenye faida ndogo anaweza kuokoa laki mbili au tatu siku ya kununua, kisha akazirudisha zote kwenye LUKU kabla ya mwaka wa pili kuisha.

Pima chumba kwanza

Ukubwa wa kiyoyozi hutajwa kwa BTU kwa saa, yaani kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kulitoa ndani ya chumba kwa saa moja. Vilivyozoeleka ni vya BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Wauzaji wengi huvitaja kwa nguvu za farasi: 9,000 huitwa "moja", 12,000 "moja na nusu", 18,000 "mbili" na 24,000 "mbili na nusu". Kwa kuwa majina hayo hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, mnunuzi aangalie namba ya BTU kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine.

Kwa maeneo ya joto, mafundi wengi hukadiria BTU 600 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita nne kwa nne kina mita za mraba 16, hivyo kinahitaji kama BTU 9,600. Kikiwa na kivuli na dari nzuri, mashine ya 9,000 inatosha. Kikiwa chini ya bati tupu, kikapigwa na jua la jioni na kuwa na friji, kompyuta na watu watano ndani, ni lazima kwenda 12,000.

Kuchukua kubwa kupita kiasi "kwa usalama" nako ni hasara. Mashine kubwa hupoza hewa haraka na kuzimika kabla haijakausha unyevu. Chumba hubaki na ubaridi wenye unyevunyevu, jambo linaloonekana zaidi pwani, na kompresa huwaka na kuzima mara kwa mara hadi inachakaa mapema. Kuondoa unyevu ni kazi ya asili ya kifaa hiki: mfumo aliousanifu mhandisi Willis Carrier mwaka 1902 ulikuwa wa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako unyevu wa hewa uliharibu kazi ya kuchapa.

Kabla hata ya kununua, kuna kazi za bei ndogo zinazoweza kumshusha mnunuzi kutoka mashine ya 18,000 hadi ya 12,000. Dari ya singibodi chini ya bati, rangi nyeupe juu ya paa, pazia zito upande wa magharibi, na kuziba nafasi iliyo chini ya mlango na kwenye madirisha ya vioo vya kukunja. Nyumba nyingi zilijengwa ili upepo upite. Kiyoyozi kinataka kinyume chake, na asiyeziba matundu anapoza mtaa mzima kwa fedha yake.

Hesabu ya umeme

Kwenye kibati kilekile kuna namba ya pili, ya wati. Gawanya BTU kwa wati. Mashine ya BTU 12,000 inayokula wati 1,200 inapata 10. Inayokula wati 1,000 inapata 12. Jibu likiwa kubwa, kila uniti ya umeme inafanya kazi zaidi. Hesabu hii haihitaji mtaalamu, na kikokotoo cha simu kinatosha.

Baada ya hapo huja uamuzi kati ya kiyoyozi cha kawaida na cha inveta. Cha kawaida huendesha kompresa kwa nguvu zote, kisha huizima, kisha huiwasha tena. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kinapofikia ubaridi unaotakiwa, kwa hiyo hula umeme kidogo kikiwa kazini kwa saa nyingi. Bei yake dukani huwa ya juu.

Tuchukue mfano wa duka la dawa linalotumia kiyoyozi cha kawaida cha wati 1,200 kwa saa 8 kwa siku, kompresa ikiwa kazini asilimia 70 ya muda huo. Hizo ni takriban uniti 6.7 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 175 kwa mwezi. Tuseme cha inveta kitafanya kazi hiyo kwa uniti 120. Kwa shilingi 350 kwa uniti, cha kawaida kinakula shilingi 61,250 kwa mwezi na cha inveta shilingi 42,000. Tofauti ni shilingi 19,250. Ikiwa cha inveta kimezidi bei kwa shilingi 300,000, nyongeza hiyo inarudi baada ya miezi 16 hivi, na kuanzia hapo ni faida.

Sasa tuchukue mtumishi anayewasha kiyoyozi saa mbili tu usiku, kwa miezi minne ya joto. Akiba yake ya mwaka mzima ni sawa na akiba ya mwezi mmoja ya duka la dawa. Nyongeza ileile ya shilingi 300,000 itamchukua karibu miaka 16 kurudi, na huenda mashine ikawa imekufa kabla ya hapo. Kwake, cha kawaida ndicho cha bei nafuu. Mashine ni ileile na bei ni ileile. Kinachobadili jibu ni saa za matumizi.

Mfanyabiashara ana swali moja zaidi. Akiba ya shilingi 19,250 kwa mwezi kutokana na shilingi 300,000 ni kama shilingi 6.40 kwa kila 100. Ikiwa mtaji wake ni mdogo, na shilingi 100 anayoiweka kwenye mzigo inamrudishia faida halisi inayozidi hiyo kila mwezi, ni afadhali anunue cha kawaida na kuuacha mtaji uzunguke. Ikiwa mzigo wake unatoka polepole, fedha iliyowekwa kwenye inveta inafanya kazi vizuri zaidi kuliko ile iliyolala kwenye rafu.

Mwenye nyumba aangalie pia kundi lake la malipo. Katika agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Kundi la T1 lilipangiwa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Kwa mpangilio wa namna hiyo, kiyoyozi kimoja kinatosha kumvusha mteja mdogo kikomo chake, na uniti zitakazozidi hapo zitatozwa kwa bei ya juu. Kila mnunuzi afanye hesabu kwa bei iliyo kwenye risiti yake mwenyewe.

Matumizi nayo yana nafasi yake. Idara ya India inayosimamia matumizi bora ya nishati inakadiria kwamba kupandisha kipimo kwa nyuzi moja huokoa kama asilimia 6 ya umeme, na tangu Januari 2020 nchi hiyo iliagiza viyoyozi vya nyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Kuweka nyuzi 26 pamoja na pangaboi la wati 70 huleta nafuu ileile kwa mtu kama nyuzi 23 au 24 bila pangaboi, kwa gharama ndogo zaidi.

Tahadhari na vya mtumba

Viyoyozi vilivyotumika huvutia kwa bei. Cha kuuliza kwanza ni aina ya gesi. Vingi vya zamani hutumia R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zilipangiwa kupunguza kundi hilo la gesi kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kubakiza kiasi kidogo tu cha matengenezo kuanzia 2030. Anayenunua mashine ya R22 ananunua kifaa ambacho gesi yake itazidi kuwa adimu. Vipya vingi hutumia R410A au R32. Mabadiliko ya itifaki hiyo yaliyokubaliwa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, yanagusa pia gesi hizi mbili, lakini R32 huchangia joto la dunia kwa takriban theluthi moja tu ya R410A. Inaweza kushika moto, hivyo ifungwe na fundi anayeifahamu. Fundi anayetaka kujaza gesi ya aina nyingine "kwa sababu ndiyo iliyopo" arudishwe alikotoka.

Ufungaji mbaya huua hata mashine nzuri. Fundi anapaswa kuvuta hewa yote kwenye mabomba ya shaba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi, kuweka waya wa kutosha na saketi breka ya peke yake, na kuunganisha waya wa ardhini. Kizimba cha nje kiwekwe kivulini penye upepo, mbali na chumvi ya bahari kadiri inavyowezekana. Panapo umeme wa kupanda na kushuka, kifaa cha kulinda kompresa ni gharama ndogo ikilinganishwa na kompresa mpya. Chujio lioshwe kila wiki mbili, kazi ambayo mwenye duka anaweza kuifanya mwenyewe.

Nyanda za baridi na wafugaji

Kwa wakazi wa Njombe, Makete na Mbeya, au Limuru na Nyandarua nchini Kenya, tatizo ni baridi. Marekani na Kanada, nyumba nyingi hufungwa tanuru la gesi na kiyoyozi vinavyotumia feni moja na mifereji ileile ya hewa. Tanuru la kawaida huingiza ndani asilimia 80 ya joto la gesi, mengine yakitokea bombani. La ufanisi mkubwa huvuka asilimia 90, kwa bei ya juu. Huko nako jibu hutegemea saa: mkazi wa Minnesota hurudishiwa nyongeza hiyo haraka kuliko mkazi wa Texas.

Huku kwetu mashine ya namna hiyo haina nafasi, lakini hesabu yake ina nafasi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina joto linalokaribia uniti 13 za umeme. Kilo ikiwa shilingi 3,900, uniti moja ya joto ni shilingi 300, chini ya hita ya umeme kwa shilingi 350. Kiyoyozi kinachopoza na kupasha huweza kutoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme, hivyo joto lake ni kama shilingi 117. Anayenunua kiyoyozi nyanda za juu ahakikishe kina sehemu ya kupasha.

Mfugaji wa kuku anaweza kutumia hesabu hiyo bandani. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto hushushwa kama nyuzi 3 kila wiki. Hita ya gesi hurekebishika kirahisi kuliko jiko la mkaa, lakini zote mbili zinahitaji hewa kupita. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu na mifugo.

Mkulima wa mboga naye ana njia yake. Mkulima mmoja wa jimbo la New York alibuni kidhibiti kinachokiwezesha kiyoyozi cha kawaida kushuka chini ya nyuzi 16, kikomo cha viyoyozi vingi, na kufanya chumba chenye kuta nene za kuzuia joto kuwa ghala la ubaridi. Njia hiyo imejaribiwa pia Uganda. Kabichi na karoti hufaidika na baridi kali, lakini nyanya na ndizi huharibika zikikaa chini ya nyuzi 12 hivi, kwa hiyo zisichanganywe katika chumba kimoja.

Anayekwenda dukani wiki hii abebe mambo manne kwenye karatasi: ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, saa atakazowasha kwa siku, bei ya uniti kutoka kwenye risiti yake, na jina la fundi atakayefunga. Akifika, asome BTU, wati na aina ya gesi kabla ya kusoma bei. Muuzaji asiyeweza kumwonyesha namba hizo tatu, duka la jirani lipo.