Kukubali Kosa Ili Uende Nyumbani: Yafahamu Haya Kabla ya Kujibu Shtaka la Ukahaba

Mhudumu wa hoteli amefunga kazi saa sita usiku. Matatu zimeadimika, kwa hivyo anasimama kando ya barabara akingoja bodaboda. Gari la doria linasimama na anaamriwa kupanda pamoja na wanawake wengine watano asiowajua. Asubuhi anafikishwa kizimbani na kusomewa shtaka la kuzurura kwa nia ya ukahaba. Mwenzake wa seli amekwisha kumshauri: "Kubali tu, dadangu, ulipe faini uende zako." Anakubali. Kabla ya adhuhuri yuko nyumbani.

Huu ni mfano tu, lakini ni wachache mjini watakaoshangaa kuusikia. Ambalo mhudumu huyo hakuambiwa ni kwamba kukubali kosa hakumalizi jambo. Amehukumiwa kwa kosa la jinai. Siku atakapoomba cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai ili apate kazi mpya au asafiri ng'ambo, huenda rekodi hiyo ikamsubiri pale.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini kuhusu mashtaka ya aina hii, haki za anayekamatwa, na namna mtu anavyoweza kujitetea. Hayachukui nafasi ya wakili.

Mashtaka haya yanatoka wapi?

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haitaji kitendo cha mtu mzima kuuza ngono kuwa kosa peke yake. Inachokataza ni mambo yanayokizunguka. Vifungu 153 na 154 vinahusu kuishi kwa mapato ya ukahaba wa mtu mwingine. Kifungu 153 pia kinamhusu mwanamume anayeshawishi watu hadharani mara kwa mara kwa nia hiyo. Kifungu 156 kinahusu kuendesha danguro au kukodisha nyumba huku ukijua kwamba itatumiwa hivyo.

Mashtaka mengi ya barabarani hutokana na sheria ndogo za miji. Sheria ndogo za Nairobi za mwaka 2007, kwa mfano, zilikataza kuzurura au kushawishi watu kwa nia ya ukahaba, na za Mombasa zilikuwa na kipengele kama hicho. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitupilia mbali ombi lililodai kwamba kipengele hicho kiliwabagua wanawake. Mahakama iliona kuwa kiliandikwa kumhusu mtu yeyote, mwanamume au mwanamke. Kwa hivyo usitarajie kwamba kulalamika kuwa sheria inaonea wanawake kutatosha kukuondolea shtaka. Utetezi wenye nguvu zaidi mara nyingi uko kwenye ushahidi.

Unapokamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinamlinda kila anayekamatwa, awe amekamatwa na polisi au na askari wa kaunti. Una haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika. Hulazimiki kukiri.

Usipigane na askari wala kukimbia, kwa maana hayo huzaa shtaka la pili. Toa jina lako, kisha uliza kwa utulivu: "Ninakamatwa kwa kosa gani, chini ya sheria gani?" Tazama saa. Kumbuka ulikuwa umesimama wapi, ukifanya nini, na nani alikuona. Kama una risiti ya duka, ratiba ya zamu au ujumbe wa simu kwa mwenye bodaboda, uhifadhi.

Mwanamke akilazimika kupekuliwa, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Kondomu iliyo mkobani si kosa. Serikali yenyewe huzigawa bila malipo katika vituo vya afya. Vilevile, kukamatwa kwa kuzurura hakumpi afisa yeyote ruhusa ya kukulazimisha kupimwa virusi vya UKIMWI. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu UKIMWI inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja.

Kituoni

Hakikisha kwamba kukamatwa kwako kumeandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB, na uombe nambari yake. Nambari hiyo itakusaidia wewe na jamaa zako kufuatilia.

Unapaswa kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo, na si baada ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wanaokamatwa Ijumaa usiku huweza kukaa seli hadi Jumatatu. Hata hivyo, polisi wanaweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana kabla ya hapo. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti, kwa kuwa pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha. Pesa zinazotolewa dirishani mwa gari au pembeni mwa kituo bila risiti si dhamana wala si faini.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui. Kifungu cha 49(2) kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi ya sheria ndogo yako katika kundi hili. Muulize hakimu adhabu ya juu kabisa ya kosa lako ni ipi, kisha umkumbushe kipengele hicho. Hofu ya kurudishwa korokoroni ndiyo huwafanya wengi wakubali kosa, na mara nyingi hofu hiyo haina msingi wa kisheria.

Maelezo unayotoa kwa afisa kituoni hayawi ungamo halali kwa sababu tu umeyatia sahihi. Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo hutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachokubalika ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu mwingine uliyemchagua mwenyewe.

Jibu la kwanza mahakamani

Shtaka likisomwa, utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapo ndipo wengi hupotelea. Ukijibu "ni kweli", kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, nawe unaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Bado una nafasi. Ukisema, "Nilikuwa nangoja bodaboda," hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Utaratibu huu umefuatwa na mahakama zetu tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973. Hata baada ya kukubali, unaweza kuomba kubadilisha jibu lako kabla ya adhabu kutolewa.

Baada ya hapo mlango huwa mwembamba. Anayehukumiwa kwa kukiri kosa huruhusiwa kukata rufaa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu tu, labda aonyeshe kwamba jibu lake halikuwa la kukiri bila utata, kwa mfano kwamba hakuielewa lugha iliyotumika. Rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 14.

Kwa hivyo, kama hukutenda kosa, sema "si kweli". Huhitaji kueleza zaidi siku hiyo. Omba dhamana, nakala ya hati ya mashtaka na maelezo ya mashahidi, na muda wa kujitayarisha. Kama huelewi Kiingereza au Kiswahili vizuri, omba mkalimani. Hutamlipa.

Namna ya kujitetea

Si kazi yako kuthibitisha kwamba huna hatia. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha, bila shaka yoyote ya maana, kila sehemu ya kosa. Katika shtaka la kuzurura kwa nia ya ukahaba, sehemu hizo ni mbili: kwamba ulikuwa ukizurura au ukishawishi watu mahali pa umma, na kwamba nia yako ilikuwa ukahaba.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu kuthibitisha. Sketi fupi, saa za usiku au barabara yenye sifa mbaya havionyeshi nia ya mtu. Muulize shahidi maswali mafupi: Uliniona nikizungumza na nani? Ulisikia bei ikitajwa? Mteja huyo yuko wapi? Ulinitazama kwa dakika ngapi kabla ya kunikamata? Sisi sita tuliokamatwa, kila mmoja alikuwa akifanya nini? Shahidi asiyeweza kueleza kitendo cha kila mshtakiwa peke yake ameacha pengo katika kesi.

Kagua pia hati ya mashtaka. Inapaswa kutaja kosa mahususi, sheria na kifungu chake, pamoja na maelezo ya kutosha ya mahali na wakati. Sheria ndogo nyingi zilitungwa na mabaraza ya miji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ambayo ilifutwa ugatuzi ulipoanza. Wakili anaweza kuuliza kama sheria iliyotajwa bado ina nguvu mahali ulipokamatwa. Na kama ushahidi ulipatikana kwa kukiuka haki zako, Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinaitaka mahakama iukatae iwapo kuupokea kutaharibu haki katika kesi.

Kwa aliyetenda kosa na akaamua kukubali, bado inafaa azungumze kabla ya adhabu. Mweleze hakimu kama ni kosa lako la kwanza na kama una watoto unaowalea. Mahakama ina uwezo wa kukuachilia kwa masharti au kukupa kazi za huduma kwa jamii badala ya kifungo.

Jamaa na wenye nyumba

Mwanamume anayeishi na mwanamke anayefanya ukahaba anapaswa kuwa macho. Chini ya kifungu cha 153, ikithibitishwa kwamba anaishi naye au yuko naye kila mara, mahakama inaweza kumchukulia kuwa anaishi kwa mapato hayo hadi aonyeshe vinginevyo. Mume, kaka au mtoto wa kiume mwenye kazi yake alete ushahidi wa mapato yake: hati ya mshahara, rekodi za biashara au taarifa za M-Pesa. Kwa mwenye nyumba, swali kubwa ni kama alijua. Mkataba wa upangaji na barua za onyo kwa mpangaji ni utetezi wake.

Mtoto ni mwathiriwa

Aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuchukuliwa kama kahaba. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamwadhibu mtu mzima anayemtumia au kumnunua, kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Mtoto akikutwa katika hali hiyo anahitaji ulinzi, na afisa wa watoto ajulishwe mara moja.

Pa kupata msaada

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, au kwa mashirika kama FIDA-Kenya. Malalamiko kuhusu polisi hupelekwa kwa IPOA. Yanayohusu askari wa kaunti yaandikwe kwa serikali ya kaunti, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Usiporidhika, nenda kwa Tume ya Haki za Utawala. Askari wetu wana wajibu wa kutekeleza sheria za kaunti, nao wamefungwa na Katiba sawa na afisa mwingine yeyote.

Mwisho, sheria ndogo hutungwa na watu na huweza kubadilishwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Anayeona kwamba sheria ya kuzurura inawanasa wafanyakazi wa usiku wasio na hatia anaweza kuandika ombi hilo, na anayeona mtaa wake umechafuliwa ana haki hiyo hiyo.