HINA SI PIKO: JINSI YA KUMCHAGUA MCHORAJI NA ADABU ZA MCHORWAJI

Utangulizi

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtu auonapo mkono wa bi harusi uliojaa maua ya hina toka vidoleni hadi kiwikoni, aghalabu huusifu uzuri wake na kuishia hapo. Ni nadra kumsikia akiuliza ni nani aliyechora, kwa rangi gani, na kwa muda wa saa ngapi. Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo. Kwanza, yatatofautisha hina na piko, kwa maana kuyachanganya majina haya mawili kumewaletea watu wengi majeraha. Pili, yatafafanua mambo ya kuzingatia katika kumchagua mchoraji. Tatu, yatajadili wajibu wa mchorwaji mwenyewe, suala ambalo halizungumzwi sana.

Mwandishi hazungumzi kwa kusikia tu. Mwezi wa Desemba mwaka 2017, nilikuwa Mombasa nikikusanya nyimbo za harusi kwa ajili ya utafiti wangu. Wenyeji wangu walinialika harusini, nami nikaona haifai kwenda mikono mitupu ilhali wenzangu wote wamepambwa. Nilimwendea mama mmoja mchoraji alasiri ya mkesha wa harusi. Alinitazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hina yataka siku mbili ipate kukolea. Wewe umekuja leo, harusi kesho." Nilimsihi anipake piko, maana niliwaona wengine wakitoka weusi tititi baada ya nusu saa. Alisita. Nikamwongezea shilingi mia mbili. Akanipaka.

Harusi ilipendeza na mkono wangu ukasifiwa. Siku ya tisa, nikiwa nimekwisha kurudi chuoni, mkono wa kushoto ulianza kuwasha. Siku ya kumi na moja maua yote yaliinuka yakawa malengelenge, kana kwamba mtu ameyachora upya kwa moto. Hadi leo ua moja limebaki juu ya kiganja changu, jeupe kuliko ngozi inayolizunguka.

Hina, piko na chale

Kiswahili kina msamiati wa kutosha kuhusu urembo wa ngozi. Chale na tojo ni alama zinazotiwa kwa kuchanja ngozi. Tatuu, neno tulilolikopa karibuni, ni mchoro wa wino unaoingizwa ngozini kwa sindano na ambao haufutiki. Hina, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mmea na pia ni rangi itokanayo na majani ya mmea huo. Piko nayo ni rangi nyeusi, na hiyo inayouzwa madukani siku hizi aghalabu huwa ni rangi ya nywele ya viwandani.

Tatizo linaanzia katika matumizi ya maneno haya. Mara nyingi utasikia mtu akisema "hina nyeusi" au "hina ya piko". Kwa kusema hivyo, heshima yote ya hina, ambayo bibi zetu waliitumia tangu zamani, huhamishiwa kemikali isiyohusiana nayo kabisa. Msikilizaji hudhani kwamba hizo ni aina mbili za kitu kimoja, kama vile wali wa nazi na wali mweupe. Ukweli ni kwamba hakuna jani la mhina litoalo rangi nyeusi tititi kwa nusu saa. Sisi wanafunzi wa lugha tumezoea kubishana kuhusu istilahi kana kwamba ni mchezo wa darasani. Hapa istilahi ni suala la afya.

Namna rangi hizi zinavyofanya kazi

Majani ya mhina, ambao jina lake la kisayansi ni Lawsonia inermis, yana kemikali iitwayo losoni. Majani hukaushwa, yakasagwa na kuchekechwa, kisha unga ukakandwa kwa kitu chenye uchachu kama maji ya limau. Wachoraji wengi huongeza sukari ili uji ushike ngozini, na mafuta kama ya karafuu au mkaratusi ili rangi ikolee. Uji ukipakwa, losoni hushikana na keratini, yaani protini iliyomo katika tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana viganja na nyayo, ambako tabaka hilo ni nene, hukolea kuliko mahali pengine.

Uji huo huachwa kwa saa kadhaa, hata usiku kucha. Unapobanduliwa, rangi huwa ya chungwa. Hapo wasio na uzoefu huvunjika moyo. Ikumbukwe kwamba rangi huzidi kuiva kwa siku moja au mbili hadi ikawa hudhurungi, kisha hufifia taratibu kwa muda wa wiki moja hadi tatu kadiri ngozi inavyojibandua.

Piko, kwa upande mwingine, hupata weusi wake kutokana na kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa ufupi hujulikana kama PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kemikali hii hairuhusiwi katika vipodozi vya kupakwa ngozini. Katika rangi ya nywele haipaswi kuzidi asilimia 2 wakati wa kupakwa. Michoro ya rangi nyeusi ya mitaani haina kipimo, na uchunguzi uliochapishwa umewahi kupata zaidi ya asilimia 15.

Si kila apakwaye piko hudhurika, na hapo ndipo penye mtego. Mwili waweza kuinyamazia mara ya kwanza, mara ya pili na hata mara ya tano, kisha ukaikataa. Kwa mtu ambaye mwili wake haukuwa na mzio hapo awali, dalili zaweza kuchelewa kwa wiki moja au mbili, hivyo akailaumu sabuni au chakula. Mzio huo ukishaingia, kwa kawaida hautoki tena. Mtu huyo huenda asiweze kupaka rangi ya nywele maisha yake yote, na baadhi ya dawa za kutia ganzi na rangi za nguo zaweza kumdhuru vilevile. Mimi mwenyewe nimeonywa na daktari kuhusu jambo hilo.

Hata hina halisi ina mipaka yake. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hususan watoto wachanga, waweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu wanapopakwa hina. Upungufu huu ni wa kurithi na hupatikana zaidi katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa muda mrefu, pwani yetu ikiwemo. Kwa hivyo, desturi ya kumpaka mtoto mchanga hina haina budi kuachwa.

Kumchagua mchoraji

Methali husema mchagua jembe si mkulima. Katika suala hili, asiyechagua ndiye atakayejuta. Yafuatayo ni mambo ya kuzingatia.

Kwanza, uliza kilichomo ndani ya rangi. Mchoraji anayekanda hina yake mwenyewe atakutajia viungo vyote bila kigugumizi. Uji wa hina ni wa kijani au hudhurungi na hunukia majani na mafuta uliyotajiwa. Uji mweusi, usio na harufu ya majani, unaoahidi kukolea chini ya saa moja, ukatae. Vilevile, uji halisi huharibika upesi, ndiyo maana wachoraji wazuri huuhifadhi kwenye jokofu. Koni iliyokaa dukani miezi mingi bila kuharibika imetiwa kitu kisichotajwa.

Pili, tazama kazi zake zilizokwisha kuiva. Picha ya uji mbichi mkononi huonyesha ustadi wa mkono tu. Picha ya mkono uleule baada ya siku mbili huonyesha ubora wa hina yake. Omba kuonyeshwa zote mbili.

Tatu, chunguza mtindo wake. Yupo aliyebobea katika maua makubwa ya mtindo wa Ghuba, na yupo wa nakshi nyembamba za Kihindi zinazojaza kiganja chote. Ni afadhali kumchagua mtu kwa kile anachokimudu kuliko kumlazimisha mmoja aige kazi ya mwingine.

Nne, angalia usafi: mikono yake, kitambaa cha kufutia na mahali pa kukalia. Kwa wale wanaokusudia kuchorwa tatuu, sharti hili ni zito zaidi. Sindano iwe mpya na ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe katika kikombe kisichotumiwa na mtu mwingine, na mchoraji avae glavu mpya. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini aina ya B na C husambaa kupitia damu, na sindano haichagui mwenye haya.

Tano, mpime mchoraji kwa uwezo wake wa kukataa. Yule anayesema "hili siwezi" au "muda hautoshi" anakulinda. Mama yule wa Mombasa alijaribu kunikatalia. Aliyemshinda ni mimi.

Adabu za mchorwaji

Kauli hiyo inatuleta katika upande wa pili wa suala hili. Tumezoea kumwona mchoraji kama mtoa huduma na mchorwaji kama mdai haki. Hata hivyo, kazi nyingi mbovu huanza na mchorwaji mbovu.

Wa kwanza katika makosa yetu ni kuchelewa. Msimu wa harusi, mchoraji mmoja hupokea watu wengi kwa siku. Weka miadi mapema, toa arbuni, na ufike kwa wakati. Kama wewe ni bi harusi, panga upakwe siku mbili kabla ya shughuli ili rangi iwe imeiva. Ukimjia mkesha wa harusi na kudai weusi, unamsukuma aache hina na kushika piko.

Pili, fika ukiwa tayari. Osha mikono, usipake mafuta wala losheni kwani huzuia rangi kushika, kula kabisa, na umalize haja zako kabla ya kuketi. Mkono ukishapakwa hautashika kitu kwa saa nyingi. Mtoto mdogo mwachie mtu nyumbani, na simu iweke mbali; kila mtikisiko wako ni mstari uliopinda ambao lawama yake itamwangukia yeye.

Tatu, sema ukweli. Kama una mzio, ujauzito, kidonda au ugonjwa wa ngozi, mweleze kabla hajaanza. Eleza pia shughuli unayoiendea na hali yako, kwa sababu katika jamaa nyingi za pwani michoro iliyojaa mikono na miguu mizima huachiwa maharusi na wanawake walioolewa, na mchoraji hangependa kulaumiwa na mama yako.

Nne, patana naye bei kabla, si baada. Anayeinua mkono uliokwisha kupambwa na kuanza kuomba apunguziwe anajua fika kwamba mchoraji hawezi kuifuta kazi yake. Huo ni uonevu, hata ukisemwa kwa tabasamu. Ujira wa mchoraji si wa uji wa hina pekee. Ni wa mgongo ulioinama saa tatu na miaka aliyojifunza kwa shangazi au nyanya yake.

Tano, rudi umwambie matokeo. Kazi ikiwa nzuri, mpelekee wateja. Ikiwa imekudhuru, mweleze kwa heshima, maana asipojua atawadhuru wengine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hina na piko ni vitu viwili tofauti, na kwamba usalama wa mchoro hutegemea uaminifu wa pande mbili. Nilirudi kwa mama yule miezi minne baadaye. Nilimwamkia, nikamwonyesha mkono. Aliushika kwa muda mrefu bila kusema, kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia mapema, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Katika miezi hiyo minne alikuwa amewapaka piko wanawake wengi, nami nilikuwa nimekaa chuoni nikimlaumu mbele ya kila aliyeniuliza kuhusu kovu langu.

Kuanzia siku hiyo, kila anijiaye kwa piko nyumbani kwake hukataliwa. Hunipigia simu mara mojamoja kunieleza ni wangapi waliokasirika na kwenda kwingine. Basi, mpenzi msomaji, ukialikwa harusini, mwendee mchoraji mapema, na usikubali kuiita piko hina.