Platre imetoka, lakini goti halikunji: je, kuvuta kwa nguvu kunasaidia?

Mtu ameanguka na moto, ama ametoka juu ya ngazi akikata mikungu. Mfupa umevunjika, anafungwa platre majuma sita. Siku platre inatolewa mfupa umeshaunga, lakini goti ama kiwiko hakikunji. Hapo jamaa wanaleta mafuta ya mawese ya moto na mtu wa kuvuta. Wanamwambia avumilie, bila kulia hatapona. Je, ni kweli?

Kwanza, kwa nini kiungo kinakauka? Gegedu, ile inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inalishwa na maji ya ndani ya kiungo, na maji hayo yanazunguka vizuri kiungo kikitembea. Kikikaa majuma mengi bila kusogea, ngozi ya ndani inayokizunguka inakazana, musuli unafupika na kukonda.

Ndiyo maana wengi wanafikiri dawa ni kuvuta. Lakini mwaka 2005, watafiti wa Australia walitoa matokeo juu ya watu 150 waliovunjika kifundo cha mguu na kutolewa platre. Wote walifanya mazoezi. Wengine waliongezewa kunyooshwa, muda mfupi ama mrefu kila siku. Walionyooshwa hawakupona vizuri kupita wale wa mazoezi peke yake.

Tena kuvuta kwa nguvu kunaweza kuumiza. Kwenye kiwiko kunaweza hata kuotesha mfupa ndani ya musuli, na mkono ukabaki umekunjika.

Kinachosaidia ni mgonjwa mwenyewe kutembeza kiungo. Kwanza aulize munganga kama mfupa uko tayari. Kisha akunje na kunyoosha polepole, mara kumi hivi, arudilie mara kadhaa kwa siku. Kukanyaga kunaongezwa kidogo kidogo, na fimbo mkononi. Kuuma kidogo si kitu. Kama maumivu ama uvimbe unaendelea mpaka kesho yake, apunguze. Na wakati platre ingali, vidole na viungo vilivyo huru visikae bure, kama munganga hakukataza.

Lakini kiungo kikiwa cha moto pamoja na homa, shavu la mguu likivimba na kuuma, ama pumzi ikikata, hiyo si kazi ya mafuta. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile.