Mwani wa Mchangani: Posho ya Kwanza ya Ziwa Tanganyika

Wengi wetu tupitapo ufukweni hapa Bujumbura, tukiwa zamuni au matembezini, huona utando wa kijani au wa hudhurungi juu ya mchanga uliolowa, tukadhani ni uchafu. Sivyo. Aghalabu utando huo ni mwani wa maji baridi: viumbe vidogo mno, visivyo na mizizi wala majani, ambavyo hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Tumeona vyema kuwaeleza wenzetu, wanajeshi na polisi, kazi ya viumbe hawa.

Maisha ya mchangani ni magumu. Nuru hupenya milimita chache tu, mawimbi hupindua chembe, na jua hukausha kila kitu. Hata hivyo mwani hustahimili. Aina moja, dayatomu, huvaa gamba la silika, yaani asili ile ile ya kioo. Baadhi ya dayatomu hutambaa kati ya chembe kwa kutoa ute, na ute huo hugandisha mchanga usichukuliwe upesi na maji. Aina nyingine hulala wakati wa ukavu, zikaamka zilowapo tena.

Konokono, uduvi na samaki wa ufukweni hula mwani huo. Wenzao waeleao katikati ya ziwa huliwa na vijidudu vya majini. Vijidudu huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na mukeke. Basi samaki afikaye katika sahani ya askari kambini, chanzo chake ni mwani.

Posho hiyo imo hatarini. Mwaka 2003 wataalamu walieleza katika jarida la Nature kwamba joto la dunia limepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini katika ziwa hili lenye kina cha mita 1,470 hivi. Rutuba ikabaki chini. Walikadiria kuwa uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, jambo liwezalo kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Joto hilo hatuwezi kulizuia peke yetu, lakini yapo ya hapa nyumbani. Mvua inyeshapo, Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushusha udongo wa milima iliyovuliwa miti. Udongo huo hufukia mwani na kuziba nuru. Maji machafu ya mji nayo huleta madhara kinyume chake: mwani huzidi kiasi, huoza na kumaliza hewa ya samaki. Aina fulani zenye rangi ya kijani-buluu huweza kutoa sumu isiyoondoka hata maji yakichemshwa. Askari asinywe kamwe maji yenye povu la kijani.

Mwaka huo huo wa 2003, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa. Mkataba ni karatasi. Utekelezaji ni watu. Tusioshe malori ufukweni, mafuta yakamwagika majini. Tusichimbe mchanga wa pwani ya ziwa kwa ujenzi wa kambi. Na katika Jumamosi za kazi za maendeleo, tushike majembe pamoja na wananchi, tupande miti na majani kwenye miteremko na kingo za mito. Tuliokabidhiwa kulinda mipaka ya nchi, tukumbuke kuwa ziwa hili nalo ni mpaka.