Methadoni: Kuachana na Heroini kwa Hatua

Methadoni ni dawa ya maji anayonyweshwa mraibu wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ili aachane nayo pasipo mateso. Mraibu akikosa unga kwa saa kadhaa hupatwa na arosto: viungo vinauma, tumbo linasokota, makamasi yanachuruzika, usingizi haupatikani. Maumivu hayo, wala si ukaidi, ndiyo yanayowarudisha wengi kijiweni. Methadoni hufanya kazi mwilini kwa takriban saa 24, hivyo kikombe kimoja kwa siku hutosha kuizuia arosto.

Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa. Mteja hufika dirishani kila siku, hunywa mbele ya mhudumu, kisha hutakiwa aseme neno ili ihakikishwe amemeza. Dozi huanza chini, kwa kawaida isizidi miligramu 30, ikapandishwa taratibu, kwani pupa inaweza kukata pumzi. Kuipunguza huchukua muda mrefu zaidi. Wengine huhitaji miaka, na hilo si aibu hata kidogo. Ushauri nasaha huendelea muda wote, pamoja na upimaji wa VVU, kifua kikuu na homa ya ini.