Kuacha Kazi Mapema na Kuhamia Morogoro: Kweli au Si Kweli?

Wafanyakazi wa Dar es Salaam wakiongelea kuacha kazi kabla ya wakati, Morogoro haikosi kutajwa. Mpango ni mzuri, lakini unataka hesabu, si maneno ya vijiweni. Haya hapa yanayosemwa sana.

“Nikiacha kazi na miaka 48, pensheni itaanza kuingia.”
SI KWELI. Katika mifuko ya pensheni ya NSSF na PSSSF, kustaafu kwa hiari huanza miaka 55 na kwa lazima ni 60 kwa walio wengi. Tena uwe umechangia angalau miezi 180. Anayeacha kazi na miaka 48 ana miaka saba ya kujilisha mwenyewe. Kwa matumizi ya Sh700,000 kwa mwezi, miezi hiyo 84 itakula Sh58.8 milioni, na hapo bei hazijapanda. Wengi hukwama hapa.

“Morogoro maisha ni rahisi.”
KWELI, KWA SEHEMU. Kodi ya nyumba ni nafuu kuliko Dar, na mboga za Mgeta zinafika sokoni zikiwa mbichi. Lakini uniti ya umeme bei yake ni ileile, na saruji, dawa na ada za watoto hazishuki bei kwa sababu umehama.

“Nikiugua nitakuwa mbali na hospitali kubwa.”
SI KWELI. Mji una hospitali ya rufaa ya mkoa. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Dar es Salaam na hospitali yake ya Muhimbili ni safari isiyofika saa mbili. Cha kuhofia ni bima: ukitoka kazini, mwajiri hakuchangii tena. Weka gharama yake kwenye hesabu ya kila mwezi.

“Mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, kiwanja ni changu.”
SI KWELI. Sahihi yake inathibitisha mmeuziana. Haithibitishi kwamba aliyekuuzia ndiye mmiliki. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi kabla ya kulipa. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa kando ya mto unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, chukua futi kamba: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

“Akiba isipozungushwa kwenye biashara itakufa.”
SI KWELI. Biashara usiyoijua ndiyo inayoiua haraka. Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia Sh1 milioni, na riba hulipwa kila miezi sita.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, andika utakula nini kila mwezi hadi utimize miaka 55. Hesabu ikikubali, hamia Morogoro bila woga. Ikikataa, baki kazini na uendelee kuweka akiba.