Wiki huanza lini? Simu mbili zazua ugomvi Port Bell

NI JUMAPILI jioni, Januari 21, 2024. Hapa Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, akina mama wanaouza mukene, yaani dagaa, wamekutana katika kikundi chao cha akiba kama kawaida. Kila mmoja hutoa Sh10,000 kwa wiki. Asiyetoa hutozwa faini ya Sh5,000.

Katibu anafungua simu yake na kumgeukia mama mmoja wa makamo.

"Mama, wiki iliyopita hukutoa kitu. Kuna faini."

"Sijaruka hata wiki moja!" mama anajibu kwa uchungu.

Mweka hazina naye anafungua simu yake. Ya kwake inaonyesha kwamba mama huyo amelipa wiki zote. Programu ni ileile, pesa ni zilezile, lakini majibu ni mawili. Minong'ono inaanza: nani amechezea hesabu?

Programu hiyo iliundwa na kijana niliyemfundisha hisabati, na ndiyo maana nikaitwa.

Tulichukua karatasi. Mama alikuwa ametoa mchango Jumapili Januari 7, kisha Jumamosi Januari 13 kwa kuwa kesho yake alikuwa na safari ya visiwani, na mara ya tatu Jumapili hiyo ya Januari 21. Ukihesabu wiki kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kila wiki ina mchango mmoja. Ukianza Jumapili, michango ya tarehe 7 na 13 inaangukia wiki moja, na wiki ya tarehe 14 hadi 20 inabaki tupu.

Simu ya mweka hazina ilikuwa imewekwa nchi ya Uganda, ya katibu Marekani. Muundaji wa programu asipotaja siku ya kwanza ya wiki, simu huchagua yenyewe kwa kufuata nchi iliyomo katika mipangilio yake. Kwa orodha ya Unicode, ambayo simu nyingi huitegemea, wiki ya Uganda na Tanzania huanza Jumatatu, ya Kenya na Marekani Jumapili, na ya Oman Jumamosi.

Mimi sikushangaa sana. Nilisoma Mwanza, wazazi wangu wakiwa uhamishoni, na huko nilifundishwa kwamba Jumamosi ni siku ya mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Tuliporudi nyumbani, rafiki aliniambia tuonane Lwakubiri. Nikasikia "mbili" ndani ya neno hilo, nikaenda Jumapili. Kumbe kwa Kiganda hesabu huanza Jumatatu, na Lwakubiri ni Jumanne! Hata Kiswahili chenyewe kina siku mbili za tano: Jumatano, na Alhamisi ambayo kwa Kiarabu ni ya tano ukihesabu kutoka Jumapili.

Kijana alirekebisha programu ili wiki ianze Jumatatu kwa simu zote. Faini ya mama ikafutwa. Tukadhani yameisha.

Mwaka ulipokwisha, mchango wa Desemba 31, 2024 haukuonekana. Tuliukuta umelala pamoja na michango ya Januari 1 hadi 7, 2024, karibu mwaka mzima nyuma.

Kisa ni hiki. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza. Desemba 31, 2024 ilikuwa Jumanne, na Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa Januari 2, 2025. Kwa hiyo Jumanne ile ni ya wiki ya 1 ya mwaka 2025. Programu ilichukua namba ya wiki, 1, ikaiunganisha na mwaka wa kalenda, 2024.

"Mwalimu, nimeaibika," kijana aliniambia.

Nilimjibu kwamba hata wakubwa wamejikwaa hapo. Desemba 29, 2014, watu wengi waliokuwa wakitumia Twitter kwenye simu za Android walifungiwa nje kwa saa kadhaa, kwa sababu mitambo ilichanganya mwaka wa wiki na mwaka wa kalenda, ikadhani ni 2015.

Dawa yake ni kuachana na namba ya wiki. Chukua tarehe yoyote, rudi nyuma hadi Jumatatu yake, kisha tumia tarehe ya Jumatatu hiyo kuwa jina la wiki. Desemba 31, 2024 na Januari 3, 2025 zote zitarudi Desemba 30, 2024, na kukaa kapu moja.

Kuna na suala la saa. Programu nyingi huhifadhi muda kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mama anayetuma mchango saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, akisubiri mitumbwi, huandikwa saa tano usiku Jumapili, yaani wiki iliyopita. Sharti muda urudishwe kwanza kwenye saa za Afrika Mashariki, ndipo wiki ihesabiwe.

Akina mama nao walifanya sehemu yao. Katika daftari la kikundi, chini ya kanuni ya faini, katibu ameandika: "Wiki yetu huanza Jumatatu na kwisha Jumapili usiku." Kijana wangu angeiomba sentensi hiyo kabla ya kuanza kazi, mama yule asingeitwa mdaiwa mbele ya wenzake.